Waliolala Hapa

Kishikwambi ndicho kinachouliza, mimi ni mdomo wake:
nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?
Hakitaki kujua nani anapendwa,
nani anadaiwa kodi, nani ana ufunguo.
Kulala tu.

Mabatini nyumba zimepanda mawe kama mbuzi.
Mlangoni kwa Kokugonza nimeandika 031 kwa chaki;
jiwe lililo nyuma yake, kubwa kuliko nyumba,
sikulipa namba. Likanitazama.

"Mwangaluka," nikamwamkia, ingawa ni Mhaya.
Umri? "Hamsini na nne. Lakini andika hamsini,
hiyo minne nilikuwa mgonjwa."
Nikaandika hamsini na nne, akanisogezea kigoda.
Walilala yeye, wajukuu watano,
na kijana mmoja wa Ukerewe, pale sebuleni,
mwezi ukiwa mbaya hulipa kwa dagaa.
Uhusiano wake na mkuu wa kaya?
Mke, mtoto, mjukuu, ndugu, asiye na undugu.
"Huyo ndiye anayefunga mlango usiku," akasema.
Nikateremsha orodha mpaka chini, nikaipandisha tena.
Hakuna kisanduku cha anayefunga mlango.

032. Mke wa Majura. Mke mwenzie yuko Igoma.
"Mume wangu alilala hapa," akaniambia kabla sijauliza,
huku akikung'uta shuka dirishani.
Kitandani palikuwa na mto mmoja.
Kidole changu kilisita juu ya kioo,
kisha nikaandika alichosema.
Huko Igoma naye atahesabiwa, najua.
Kwa usiku mmoja taifa limezidi Majura mmoja.

033. Nani mkuu wa kaya?
Mdogo akamwonyesha Shija, Shija ana miaka kumi na mitano.
Shija akaonyesha koti la baba yao msumarini.
Baba yuko Geita, machimboni, tangu msimu wa mahindi.
"Koti halikulala," mdogo akamsahihisha,
"lilining'inia."
Nikainamia kishikwambi ili wasinione uso.
Chanzo cha mwanga: tochi ya simu.
Paa: bati.
Mkuu wa kaya: Shija.
Akaomba nimsomee tena mstari ule.

Saa saba mchana ziwa kule chini
liling'aa kama bati lililotoka dukani.
Nikanywa maji. Nikaendelea.

036 walikuwa hawajafunga turubai.
Bibi Nyanzobe alifariki saa tisa usiku.
Tulifundishwa: mpaka ni saa sita.
Aliyezaliwa baada ya hapo, mwache.
Aliyekufa baada ya hapo, mhesabu.
Basi niliuliza, Mungu anisamehe,
kama saa sita alikuwa anapumua.
"Alikuwa anaomba maji," akajibu binti yake.
Mwanamke. Miaka themanini na mmoja. Yupo.
Je, anajua kusoma na kuandika?
"Hapana. Kuhesabu alijua.
Kila jioni alitutuma tuhesabu kuku,
halafu anakuja kuhesabu tena mwenyewe."
Kuku walikuwa wanapita kati ya miguu ya waombolezaji.
Hakuna aliyejua wako wangapi.

Usiku nimerudi chumbani kwangu, Igogo.
Karani naye ni mtu, alisema msimamizi, ajijaze.
Idadi ya waliolala: 1.
Nikaitazama ile moja, nyembamba,
imesimama kama mtu aliyefika harusini mapema.
Choo: cha kuchangia na kaya nyingine.
Ukuta je? Ukuta wa matofali ya kuchoma.
Hawakuuliza kama ukuta unafika darini.
Haufiki. Bhoke akikohoa upande wa pili
mimi ndiye ninayeamka kutafuta tangawizi;
nikichelewa kurudi, taa yake haizimwi.
Kwenye fomu sisi ni kaya mbili.

"We karani," sauti yake ikavuka juu ya ukuta,
"tumeshahesabiwa?"
"Tumehesabiwa."
"Tuko wangapi?"
Nikafikiri kidogo.
"Zima taa, Bhoke. Tulale."