Ukungu wa Chumba cha Nyuma

Redioni, kabla birika halijachemka,
mtangazaji anautaja kama mkorofi wa mtaa:
leo ni mzito, una mabaka, unatambaa,
utainuka saa nne, jua likipenda.
Kwa lugha yao ni blanketi,
ni supu ya njegere,
ni kitu cha kukatwa kwa kisu.
Sijaona aliyepewa kipande.

Hapa Arbroath, Bi Effie wa ghorofa ya chini
ana jina lake mwenyewe: haa,
analitoa kama anayepulizia miwani
kabla ya kuifuta kwa ncha ya aproni.
Hilo nimelielewa bila kamusi.

Mimi nilikuja na neno moja, likanitosha kote.
Basi nikampigia Bwana Pirie, mwenye nyumba,
kwa Kiingereza changu cha redio:
kuna ukungu chumbani, nyuma ya kabati,
mweusi, unapanda.
Akacheka. Fungua dirisha, utatoka.
Nikafungua. Ukaingia mwingine,
mweupe, unanuka samaki wa kukaushwa kwa moshi,
ukakaa kitandani kama mgeni asiyejua kuaga.

Kumbe wa ukutani kwao una jina jingine,
na wa mkate ni huohuo wa ukutani.
Ila ule wa tatu sijausikia wakiutaja,
nami sijauliza.

Mwezi wa tano, saa kumi alfajiri.
Nasugua ukuta kwa siki,
vidole vinawasha.
Nje, juu ya bandari,
ukungu, wala sisemi upi,
unaanza kuwa mwekundu.