Mkia Unaelekea Wapi

Aliingia kibandani na tranka tupu kichwani
na vitabu vinne vilivyovalishwa karatasi ya kaki,
Aikaeli, binti wa fundi cherehani wa Kiboriloni.
Akasema: Mzee Kilawe, nichoree muhuri wa Wakesha-Moto.

Nikamwambia mimi nachora vichwa vya kinyozi,
nachora "Hatukopeshi", nachora kuku wa kukaanga
anayecheka, sijui anacheka nini,
na mlima, ndiyo, mlima kila wiki,
bila kutoka nje kuutazama.
Huo muhuri ukoje?

Hauna picha, akasema. Una maneno.
Akaketi juu ya ndoo ya rangi, akafungua cha kwanza:
"kama pembe ya fahali anayekunywa maji."
Nikachora pembe, nikachora na maji.
Siyo. Maji hayamo.
Maji ni namna tu ya kuinama.

Katika cha pili aliyeuona ni mtoto, mvunguni mwa kitanda,
usiku, kwenye buti la askari:
"njia tatu zilizonuniana."
Nikachora Njia Panda ya Himo,
hata kituo cha mafuta nikakitia.
Akacheka mpaka ndoo ikayumba.

Cha tatu panya wamekula ukurasa uleule.
Limebaki "na mkia wake", kisha tundu.
Tukachungulia. Ng'ambo ya tundu
palikuwa na ukurasa mwingine,
mtu anakoroga uji.

Cha nne kinasema una jani.
Jani gani? Hakisemi.
Nikachora sale, lile la mipakani mwa vihamba,
ambalo ukimpelekea uliyemkosea
hana budi kukusamehe.
Kule hakuna masale, akasema.
Kuna mlima?
Upo.
Basi masale yapo.
Akanyamaza. Akausoma tena mstari ule
kwa midomo, bila sauti,
kama anayekagua chenji aliyorudishiwa na mtu anayemwamini.

Tulimaliza mifuko mitatu ya saruji kwa michoro.
Mteja wa bango la bucha alikuja, akasubiri, akaondoka.
Siku ya tatu, karibu na magharibi,
penseli ilipita mahali bila mkono kuniuliza.
Pembe ikainama. Njia zikanuniana kwelikweli.
Jani likapata pa kukaa.
Hapo, akasema. Usiguse tena.

Na mkia?

Tukatazamana.
Kushoto, akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya kitu asichowahi kununua.
Nikaupeleka kushoto, rangi ya matope ya Rau,
nikatoza elfu tano,
robo ya bei ya kuku anayecheka.

Januari akaenda bwenini, upande wa Same.
Mwezi wa tatu baba yake alivuka barabara,
uzi bado umening'inia shingoni,
akanipa simu nijisomee:

"Mwambie mzee kuna msichana wa bweni la pili,
Nakijwa, katokea Usangi,
ameliona tranka akasimama na ndoo yake ya maji kichwani
mpaka ikamwagikia.
Anasema tumekosea.
Mkia unaelekea kulia.
Cha tatu anacho kizima."

Nikaurudia ule ujumbe.
Sikuona mahali alipolalamika.
Mwishoni aliandika tena: anacho kizima, mzee, kizima.

Leo asubuhi nilitoka nje kuutazama mlima.
Kibo ilikuwa wazi, haina hata shuka,
na bega lake la kushoto
silo ninalolichora miaka ishirini.
Hakuna mteja aliyewahi kunirudishia bango.

Kopo la rangi ileile nimelifunga kwa nailoni
nikalisukuma chini ya meza, lisikauke.
Likizo ya Pasaka watakuja wawili.
Ndoo za kukalia zipo.
Sitashika brashi
mpaka wamalize kugombana.