Aliporudi Mzimataa

Lorna anasema theluji ilikuwa inaanguka.
Haikuwa theluji. Ilikuwa mvua ya Oktoba, ile ya Ziwa Erie,
isiyojua kunyesha wima, inayokujia ubavuni kama mdai,
na sisi foleni toka mlango wa Sinema Avalon
hadi duka la viatu lililokwisha kufilisika,
mwaka themanini na nane, mimi na miaka yangu kumi na sita
na kitambulisho cha kaka mfukoni.

Miaka minne tulikuwa matangani.
Katika filamu ya pili walimtumbukiza ndani ya ghala la nafaka,
mahindi yakamfunika mpaka kofia yake ya fundi umeme.
Katika ya tatu wakatuletea muuaji mwingine, daktari wa meno,
kana kwamba aliyefiwa na baba
huletewa baba yeyote aliye karibu.
Watu walirusha bisi kwenye skrini.
Odell aliiandikia kampuni barua ya kurasa sita
kwa kalamu nyekundu. Hakujibiwa.

Halafu likabandikwa bango: taa ya mtaani, imezimwa,
na chini yake neno moja, AMERUDI.
Hayawi hayawi, yakawa.

Mzee Pasquale wa tiketi alikitazama kitambulisho,
akanitazama. "Delbert," akasema, "umefupika."
Akanipisha.

Dakika ishirini hatukumwona.
Vijana wa kwenye skrini walicheka, wakabusiana, wakagombea gari,
nasi tukajua yule mwenye fulana ya njano
haoni asubuhi.
Kisha taa ya barazani ikazimika.
Kisha ya jikoni.
Kisha ya ngazini,
na ile pumzi,
pumzi ya mtu anayepanda kilima na gunia mgongoni,
na ukumbi mzima, watu mia tatu na soda zao,
tukasimama, tukapiga vigelegele
kama watu wa stesheni
wanaompokea mjomba kutoka vitani.

Renata Kuchta alilia. Anakana mpaka leo.
Chumvi ya bisi, anasema, iliniingia jichoni.

Sasa tunakutana kila Oktoba, saba tuliobaki,
kwenye maegesho ya duka la dawa
lililojengwa Avalon ilipobomolewa.
Tunakuja na viti vya kukunja, kahawa ya chupa,
na Wendell na goti lake la chuma.
Tunabishana. Nondo aliishika kwa kushoto?
Alichechemea kabla ya ghala, au baada?
Mwamba ngoma huvutia kwake,
na ngoma yenyewe hatujui ilipo: nakala iliyobaki
imekatwa, wanasema, na dakika nne zimepotea,
zile zile tunazozikumbuka vizuri kuliko zote.

Mwaka jana kijana wa dukani alitoka kuvuta sigara,
akasikiliza, akauliza:
Mtu aliyeua watu kumi na tisa, mlimshangilia?
Tukatazamana.
Damu ilikuwa sharubati, akasema Wendell.
Wa fulana ya njano alijitakia, akasema Lorna.
Mimi nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Mwaka ule kiwanda cha karatasi kilifunga lango la mashariki.
Kwa muda tu, walisema.
Baba aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri,
akavaa buti, akafunga kamba mpaka juu,
akakaa.
Delbert alikwenda Texas kufuata kazi za mafuta.
Krismasi nitakuwa hapa, alisema,
na bado ninacho kitambulisho chake, pembe zimemeguka.
Kila kilichoondoka mjini kwetu kiliacha ahadi.
Mmoja tu aliitimiza,
naye alikuja na nondo.

Saa tatu usiku duka linafunga.
Inazimika taa ya bango.
Kisha ya dirishani.
Kisha ya mlangoni.
Hakuna anayesema neno.
Odell anakunja kiti chake polepole, kisipige kelele,
na Lorna anaushika mkono wangu
bila kuangalia ni wa nani.