Mdororo

Meneja alitamka neno moja tu,
kisha akanigeukia mimi, mkalimani wa saa moja na nusu.
Ukumbi wa chakula, kiwanda cha chuma, Hamilton, Februari;
watu hamsini na wawili, kofia ngumu makwapani.

Nikasema: mdororo wa uchumi.
Neno la taarifa ya habari, limepigwa pasi.
Lugusha wa Kahama, mchomeleaji,
akauliza, "Ndiyo mdudu gani?"

Nikajaribu: umeyumba.
"Anayeyumba ni mlevi, na mlevi hufika kwake."
Nikajaribu: umezorota.
"Kumbe anaumwa! Mbona hatukuitwa kumjulia hali?"
Wakacheka. Meneja naye akatabasamu, kwa lipi, hajui.

Karibu na friji, Nabintu wa Bukavu akasema
kwao waliiita konjonktire,
ikaingia kama shemeji wa wiki moja,
ikazeekea sebuleni.

Meneja akafafanua kwa vidole:
uchumi ukishuka robo mbili mfululizo
ndipo hustahili jina hilo.
Nikatafsiri. Lugusha akapiga hesabu.
"Robo ya sukari naijua. Robo ya mafuta ya taa naijua,
mama alinituma dukani siku za mwambo.
Robo mbili ni nusu.
Nusu ya nini?"

Nilikuwa na orodha mkononi.
Majina ishirini na sita.
Nikaitazama mashine ya kahawa, inavyonguruma
na kutema maji matupu.

Basi akalisema yeye mwenyewe, taratibu, kwa wenziwe:
"Vyuma vimekaza."
Kwetu huo ni utani wa kijiweni,
mtu huusema huku akikopa sigara.
Hapa hakuna aliyecheka,
maana dirishani vilionekana:
mabunda ya bati waliyoyakunja wenyewe tangu Oktoba,
theluji juu yake,
na hakuna lori.

"Wameelewa?" meneja akaniuliza.
"Wameelewa."

Ndani ya basi la mtaa wa Barton nikamwandikia dada,
aliyeomba ada ya mtoto: huku kuna mdororo.
Nikafuta.
Nikaandika vyuma, nikaandika vimekaza.
Jibu likafika kabla ya kituo changu:
"Hata huko?"