Kosa la Kufika Ng'ambo

Niliitwa Jumatatu kuandika muhtasari,
mimi, karani wa mahakama ya mwanzo, miaka kumi na tisa
nikinakili: mshitakiwa alivuka barabara pasipo kivuko,
kinyume na kifungu (namba yake naijua
kama namba ya simu ya mama).
Ukumbi ulifurika. Waliokosa viti walisimama
na mifuko yao ya karanga mbichi.
Hoja: kosa hili libaki la jinai,
au mtu aonywe tu, aende zake?

Koplo Mihayo alianza. Hakupayuka.
Alitaja lori la tumbaku, Juni, saa moja kasoro asubuhi,
mtoto wa darasa la pili,
kiatu kimoja.
"Faini ni kelele," akasema, "nami napiga kelele
kwa sababu breki hazisikii."

Kalamu yangu ilisita.
Kiatu kile nakijua. Nilikinunua mimi,
nikamwambia muuzaji aongeze namba moja,
mwana wa dada yangu alikuwa anakua haraka.

Akainuka Kalunde, muuza matobolwa wa Kiloleni.
"Nilibeba uji wa mama, kalazwa Kitete.
Wanasema nilikosea mstari. Mstari upi?
Nionyesheni, nikaukanyage hata leo.
Siku mbili mahabusu, kwa elfu hamsini nisiyokuwa nayo.
Uji ulichachia kwenye chupa.
Mama akawauliza wauguzi: Kalunde kaolewa mbali?
Sisemi gari lisiogopwe. Nasema mimi si mwizi.
Nimeiba nini? Hatua kumi na mbili za lami?"

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Bwana mmoja mwenye mabasi akaonya:
"Sheria ikilegea kwa mguu, kesho italegea kwa mkono."
Sauti ikatoka nyuma, sikuona ya nani:
"Kwani kwa tairi iliwahi kukaza?"
Mwenyekiti akagonga meza. Hilo nisiliandike, akasema.
Nilikuwa nimeshaliandika.

Nakaa mtaa uitwao Ng'ambo.
Nani aliyeupa jina hilo
akidhani tutafika bila kuvuka?

Daftari langu halina jina la mwenye gari.
Lina wapiga debe, wachuuzi wa asali, wanafunzi,
mama wa mapacha aliyeshikwa na mmoja, mwenzake akabaki upande wa pili,
na kiziwi mmoja wa Isevya
niliyemwandika kwa mkono wangu huu:
alikaidi amri ya kusimama.
Kwenye kabati, chini ya daftari hilo,
ipo barua ya kuomba rangi nyeupe, makopo manne.
Imepita masika matatu. Pembeni pameandikwa:
fungu halijatengwa.

Koplo ni mtu mwema, sitamsema vibaya.
Ndiye aliyembeba mtoto, shati lake halikufulika.
Lakini kuna neno hakulitaja, pengine hakulijua:
mtoto yule alivukia pale pale pa kivuko,
alipofundishwa na mwalimu wake,
akatazama kulia, kushoto, kulia,
akakanyaga mistari iliyokwisha kuondoka na mvua.
Dereva naye aliona lami tu.

Kama faini ingemrudisha
ningeilipa mimi, kila mwezi, hadi kustaafu,
na Kalunde nisingemhurumia.
Nasema kweli. Nisingemhurumia.

Saa tisa. Waliokubali, waliokataa,
wote jasho, wote wanatazama mlango.
"Mengineyo?" akauliza mwenyekiti,
kama waulizavyo wenyeviti, huku akifunga jalada.

Karani hana kura. Karani hana la kusema.
Mkono ulioinuka ulikuwa na wino.

Kutoka meza yangu mpaka kwenye kipaza sauti
ni hatua kama kumi na mbili.
Sakafu haikuwa na mstari wowote.
Nikavuka.