Kengele Zilizozibwa

Huku Fuenteparda hawasemi "ametoroka."
Husema: kaondoka na kengele zilizozibwa.
A cencerros tapados. Saturia huyatamka haya
meno yake yakiwa bado kwenye glasi ya maji,
na maneno yanatoka yamevaa soksi.

Mwaka wa baridi kali, mwaka wa deni
la unga, la mafuta, la chumvi ya mifugo
kwa Don Crescencio, mwenye duka na daftari,
Eutiquio mumewe alishuka zizini usiku.
Kondoo thelathini na wanane, kengele kumi na moja.
Alizijaza moja moja: nyasi kavu, matambara,
ukurasa wa kalenda wenye watakatifu wa Februari;
na ile ya dume la mbele, kubwa, ya shaba,
akaizibia soksi ya sufu ya mkewe.

"Ulisikia nini?" nikauliza, nikimfunga vifungo vya sweta.
"Sikusikia. Ndicho kilichoniamsha.
Miaka sita nimelala juu ya zizi lile,
kengele zikicheua pamoja na kondoo,
kama tumbo la nyumba.
Usiku ule tumbo likanyamaza."

Hakupiga kelele. Nilingoja aeleze kwa nini.
Alisema tu kwamba sakafu ilikuwa baridi,
kwamba alisimama dirishani, soksi mguu mmoja,
akaona weupe ukipanda kilima bila sauti
kama maziwa yanayorudi kiweleni.

Asubuhi Don Crescencio akaja na daftari.
"Yuko wapi?"
"Kapeleka kondoo majini."
Siku ya pili, majini. Siku ya tatu, majini.
Siku ya nne mwenye duka akatazama kisima uani,
akatazama zizi tupu.
"Wana kiu hao," akasema,
akaondoka na cherehani.

"Na kwenu mnasemaje?"
Toroka, nikamwambia. Akalionja.
"Jingine?"
Kuingia mitini.
Akacheka mpaka akakohoa, akanionyesha uwanda
kwa kidole kilichopinda:
mabua ya ngano, mawe, nguzo za umeme, basi.
"Hapa ungeingia mti upi, mwanangu?
Mkimbizi wetu tungemtazama hadi kesho yake
na bado angekuwa anakimbia."

Basi nikampangia maneno kama nimpangiavyo vidonge,
Jumatatu hadi Jumapili, kila kimoja kishimoni mwake:
mtoro ni yule mwenye kukimbia,
utoro ni tabia, hata ya mtoto wa shule;
torosha, ukimfungulia mwenzio mlango
au ukapitisha mali pasipo kuonwa.
Nikakwama kwenye kidonge cha mwisho.

Torokwa.

"Hilo ni la nani?"
La anayebaki, nikasema. La aliyelala.

Akalirudia. Mara ya kwanza likamponyoka.
Mara ya tatu lilikaa.
Akaangalia mguu wake, ule wa kushoto, uliovimba,
kwa muda ambao supu ilipoa.
"Miaka sitini na miwili," akasema,
"natumia neno lake.
Kumbe langu lilikuwa kwenu."

Hakuniuliza mimi niliondokaje.
(Viatu mkononi. Bawaba za mlango
nilizitia mafuta ya kupikia tangu Jumanne,
na yeye akasifu jinsi mlango ulivyolainika.)

Nikamfunika. Nikazima taa.
Kando ya mto wake naacha kengele ndogo
ya kuniitia: maji, choo, maumivu.
Saa tisa usiku ikalia, mara moja tu.
Nikapanda ngazi mbio.
Hakutaka maji. Hakuumwa.
Alinishika kifundo cha mkono gizani,
akakipapasa, akakiachia.
"Nenda kalale," akasema.
"Nilikuwa nasikiliza."