Risiti Hasemi

Kemunto alipokwenda bweni mwezi wa kwanza
aliniachia sungura, gunia la nyasi kavu
na ukurasa uliochanwa kwenye daftari la hesabu:
Shangazi, usimbebe kwa masikio. Msome.

Msome! Mimi, ninayelipwa kusikiliza,
usiku kucha Barabara ya Mombasa, waya kichwani,
wateja wakinitukana kwa pesa zilizopotelea hewani,
nirudi Umoja asubuhi
nimsome asiye na neno.

Yule wa ngano alikuwa mdomo mtupu:
alimwongopea fisi, akamzungusha simba.
Huyu wetu hata kuguna haguni.
Tulimwita Risiti kwa sababu siku ya kwanza
alitafuna risiti ya kodi,
na mwenye nyumba hakucheka.

Nilisogeza kreti lake karibu na jokofu.
Akanipa mgongo, akatazama ukuta hadi Alhamisi.
Nimewahi kuolewa; adhabu hiyo naijua.

Nikaanza kuokota herufi.
Kidevu kwenye mguu wa kiti, kwenye kandambili, kwenye ndoo:
changu, changu, na hiki pia.
Siku moja alikipitisha kwenye kidole changu cha mguu.
Sikusogea. Chai ikapoa.

Teke la nyuma, du! sakafuni:
mwewe anazunguka juu ya matangi ya maji.
Akijimwaga ubavuni ghafla, macho nusu,
nilidhani amekufa. Nikamtikisa,
akanitazama kama mzee wa kanisa
aliyeamshwa katikati ya mahubiri.

Jirani yangu Wafubwa huuliza kila Jumapili
amefika kilo ngapi.
Hauzwi, namwambia. Anasomwa.

Kisha Jumanne moja ya Machi, amejikunyata pembeni,
dania haijaguswa, meno yanasagana.
Si ule msago mwororo nikimpapasa paji,
kama mtu anayetafuna simsim;
huu ulikuwa mkavu, changarawe kwa changarawe.
Nilimfunga kwa leso nikakimbia naye Buruburu.
Daktari Sitienei, aliyezoea mbwa na ng'ombe,
akambonyeza tumbo, akasema:
Umewahi, mama. Anayewindwa halii.
Akilia, wenye meno watasikia.

Siku tatu nikimlisha kwa bomba la sindano.
Ya nne, vidonge vyeusi kwenye gazeti,
na mimi, mtu mzima, nikashangilia mavi.

Jumapili Kemunto akapiga kwa simu ya matroni.
Dakika tatu.
Niko sawa, shangazi. Chakula kiko sawa. Niko sawa.
Kazini ningebonyeza: limetatuliwa.
Lakini kati ya sawa na sawa
nilisikia kitu kikisagana.

Sikuuliza. Ukimwendea mbio anaingia uvunguni.
Unalala kifudifudi kwenye saruji,
unatazama kwingine,
unangoja sikio moja ligeuke.
Risiti bado analalia sweta yako, nikasema.
Sekunde zikaliwa.
Kisha pumzi, ndefu, yenye maji ndani yake,
na simu ikakatika.

Jumamosi si siku ya wazazi. Nimeomba ruhusa hata hivyo.
Nauli ya Nyamira iko juu ya kabati,
Risiti asiifikie.
Wafubwa atamtazama siku mbili;
ameapa kwa mamake
hatawasha jiko.